Ramani ya Makabila Ubaoni: Neno kwa Mwalimu Mtarajiwa

Katika mwaka wangu wa pili wa ualimu, kabla sijaletwa chuoni kuwa mkufunzi, nilikuwa nikifundisha Darasa la Tano katika shule moja ya msingi ya wilaya hii ya Mpwapwa. Siku moja nilichora ubaoni ramani ya Tanzania, nikaigawa vipande kwa chaki za rangi, na katika kila kipande nikaandika jina la kabila. Nilikuwa nimeinakili kutoka katika atlasi ya zamani, na kwa kweli nilijivunia zana yangu. Mwisho wa somo, kwa ajili ya tathmini, niliwaita wanafunzi mmoja mmoja waje waguse mahali pa kabila lao.

Wa kwanza aligusa Ugogo. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa mtoto wa kike mpole, naye alisimama mbele ya ubao kitambo kirefu bila kuinua mkono. Nilipomhimiza alisema: "Mwalimu, baba ni Mhehe, mama ni Mgogo, bibi mzaa baba ni Mkaguru, na mimi nimezaliwa hapa hapa. Niguse wapi?" Darasa likacheka. Nami, kwa aibu ninayoikumbuka hadi leo, nikacheka pamoja nalo, kisha nikamwamuru aguse kwa baba yake. Akagusa Iringa, mahali ambapo hajapata kufika. Katika vipindi vilivyofuata hakunyosha tena mkono.

Hulikumbuka tukio lile kila ninapokwenda kuwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, maana ramani ile ile naikuta imechorwa upya kwa mkono mwingine, na watoto wanaambiwa vile vile waguse kwao. Kosa halikuwa la mtoto, wala halikuwa katika ustadi wa kuchora. Lilikuwa katika kuamini kwamba makabila yaweza kuchorwa kama mito na milima inavyochorwa. Katika makala haya nakusudia kueleza kwa nini hayawezi, hapa kwetu na katika bara zima la Afrika, na kushauri jambo ambalo mwalimu wa shule ya msingi aweza kulifanya badala yake.

Majina

Mchoraji wa ramani huanza na orodha ya majina, nayo ndiyo shida yake ya kwanza. Majina mengi tuliyoyazoea hayakutoka kwa wenyewe. Wasukuma waliitwa hivyo na jirani zao wa kusini, kwa kuwa neno hilo maana yake ni kaskazini. Wanyamwezi walijulikana kwa jina hilo huko pwani kwa sababu walitoka magharibi, upande unakoonekana mwezi mwandamo. Wahehe husimuliwa kuwa waliitwa kwa ukelele wao wa vita. Wadatooga wengi wetu tumezoea kuwaita Wamang'ati, na hilo ni neno la Kimasai lenye maana ya adui. Mwalimu anayeandika "Wamang'ati" ubaoni amewaandika wenzetu kwa jina walilopewa na watu waliopigana nao.

Hapa wilayani mwetu wako wafugaji wanaojiita Ilparakuyo. Wengine huwaita Wabaraguyu, wengine Wakwavi, na Wagogo huwaita Wahumba. Mgeni akikusanya habari kwa watu watatu aweza kurudi kwao na makabila matatu, kumbe watu ni wale wale na ng'ombe wao ni wale wale.

Kinyume chake, jina moja laweza kukusanya makundi mengi, na laweza kuwa jipya kuliko wazee wanaolitumia. Huko Kenya, majina ya Wakalenjin na Wamijikenda yalienea kuanzia miaka ya 1940, watu waliokuwa wakijitambua kwa majina mbalimbali walipoona faida ya kusimama pamoja. Ramani iliyochorwa mwaka 1920 isingeweza kuwa na jina hata moja kati ya hayo mawili. Tena, mwaka 2017 Serikali ya Kenya iliwatambua Wamakonde kuwa kabila la 43 la nchi hiyo, na mwaka 2023 ikawatambua Wapemba. Watu hao walikuwa wakiishi pwani ya Kenya miaka mingi kabla ya hapo, wakivua na kuchonga vinyago, bali katika orodha hawakuwamo. Basi orodha ya makabila hueleza pia nani aliyekuwa na mamlaka ya kuorodhesha.

Mipaka

Baada ya majina huja mistari. Tuutazame Ugogo wenyewe. Kabla ya ukoloni haukuwa nchi ya mfalme mmoja. Ulikuwa na nchi ndogo ndogo nyingi, kila moja na mtemi wake mwenye mawe ya mvua, na watu walihama kutoka kwa mtemi mmoja kwenda kwa mwingine walipokumbwa na njaa au walipotafuta malisho. Peter Rigby, ambaye aliishi Ugogo na kuchapisha mwaka 1969 kitabu juu ya ng'ombe na ujamaa wa Wagogo, alionyesha kwamba koo nyingi za Kigogo husimulia kuwa asili yao ni Uhehe, Unyamwezi, Ukaguru na kwingineko. Lugha yenyewe ina sura zaidi ya moja: wako Wanyambwa wa magharibi, Wanyaugogo wa katikati, na Watumba wa mashariki, yaani upande wetu huu wa milima. Kumwuliza Mgogo wa karne ya 19 mpaka wa kabila lake uko wapi kungekuwa kama kumwuliza mtu mpaka wa ukoo wake uko kwenye mti gani.

Waingereza walipotaka kutawala kwa kuwatumia viongozi wenyeji, walihitaji jambo lililo rahisi zaidi kuandikwa katika majalada. Gavana Donald Cameron aliwasili Tanganyika mwaka 1925, na mwaka 1926 ikapitishwa sheria ya serikali za wenyeji. Msingi wa utaratibu ule ulikuwa kwamba kila Mwafrika ana kabila lake, kila kabila lina eneo lake, na kila eneo lina mkuu wake. Pale ambapo mkuu wa namna hiyo hakuwapo, alitafutwa. Kwa njia hiyo Ugogo, wenye watemi wengi, ukapata mtemi mkuu, naye ni Mazengo wa Mvumi, ambaye jina lake lingali linakumbukwa Dodoma. Ramani za makabila zilichorwa katika hali hiyo, na maafisa waliohitaji kujua nani alipe kodi kwa nani. Madaraka ya machifu yaliondolewa mwaka 1963, lakini mistari ilibaki katika atlasi, nasi walimu tukairithi bila kuuliza ilikuwa na kazi gani.

Tukumbuke pia kwamba mpaka mkubwa zaidi, ule uliokubaliwa baina ya Wajerumani na Waingereza mwaka 1886 kutoka baharini hadi Ziwa Viktoria, ulipita katikati ya Wadigo, Wamasai na Wakuria. Kusini, mto Ruvuma ukawatenga kwa serikali mbili Wamakonde wa ng'ambo zote mbili. Hivyo mtoto anayetazama ramani ya Tanzania peke yake huona nusu ya Wamasai akadhani amewaona wote.

Watu hawakai mahali pamoja

Shida ya tatu ni kwamba karatasi imetulia na watu hawatulii. Mpwapwa ni mfano mzuri. Hapa palikuwa kituo cha misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, na miongoni mwa wapagazi wako waliooa na kubaki. Wamisionari wa Kiingereza walikuja miaka ya 1870, kisha askari wa Kijerumani na askari wao wa Kiafrika kutoka nchi mbalimbali. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, ikapitia Gulwe, na pamoja nayo wakaja wafanyakazi na wachuuzi. Kongwa, iliyokuwa zamani sehemu ya wilaya hii, ilipata maelfu ya vibarua katika mradi wa karanga kati ya 1947 na 1951. Operesheni Dodoma ya miaka ya 1970 na 1971 ikawakusanya vijijini watu waliokuwa wametawanyika. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Je, mstari wa Ugogo uchorwe kwa hali ya mwaka gani? Na mfugaji ambaye masika yuko hapa na kiangazi yuko Kilosa awekwe ndani ya mstari upi?

Wako wanaosema: basi tuchore lugha, maana lugha haidanganyi. Ni kweli kwamba lugha hufuatilika zaidi. Lakini lugha na kabila si kitu kimoja. Wangoni wa Songea ni uzao wa watu waliotoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19, wakawachukua njiani watu wa makabila mengi, na Kingoni kinachosemwa Songea leo kinafanana na lugha za majirani zake kuliko na Kizulu. Jina lilidumu wakati lugha ilipobadilika.

Hata ramani ya lugha peke yake ina vishindo vyake. Kaskazini ya Dodoma, kuanzia Kondoa hadi Singida na Mbulu, hukutana lugha za asili mbalimbali kiasi ambacho ni nadra kuonekana kwingine barani. Warangi na Wanyaturu husema lugha za Kibantu. Waburunge, Waalagwa, Wagorowa na Wairaqw husema lugha za Kikushi. Wadatooga na Wamasai husema lugha za Kiniloti. Wasandawe husema lugha yenye vidoko, na Wahadzabe wa bonde la Eyasi wana lugha yao yenye vidoko pia, ambayo wataalamu wengi hawaihusishi na nyingine yoyote. Watu hawa huuziana ng'ombe na nafaka na kuoana. Wengi wao wana lugha mbili au tatu. Mtu mwenye lugha tatu apakwe rangi gani?

Ramani za bara zima

Ikiwa wilaya moja ina mambo haya, fikiri juu ya mtu anayetaka kuchora bara zima. Mwaka 1959 George Peter Murdock wa Marekani alichapisha kitabu juu ya watu wa Afrika chenye ramani kubwa iliyogawa bara katika maeneo zaidi ya 800. Katika ramani ile kila eneo ni la kundi moja, na eneo halipandani na jingine. Alichora hali iliyodhaniwa kuwapo mwanzoni mwa ukoloni, akitegemea maandishi ya watu wengi wenye ujuzi usiolingana. Mwaka 1964 wataalamu wa Urusi ya Kisovieti walitoa huko Moscow atlasi ya watu wa dunia nzima. Wao walitegemea zaidi lugha, na waliruhusu mahali pamoja paonyeshe zaidi ya kundi moja. Kazi hizo mbili zilifanywa kwa bidii kubwa, na hata hivyo hazikubaliani juu ya idadi ya makundi wala mahali yanapoishia.

Kazi hizo hazikubaki maktabani. Kutokana na atlasi ya Moscow wachumi walikokotoa kipimo cha mchanganyiko wa makabila: ukichukua watu wawili wa nchi moja kwa kubahatisha, kuna uwezekano gani kwamba watatoka katika makundi tofauti? Tanzania ilipata 0.93, kiwango cha juu kupita nchi zote zilizopimwa. Mwaka 1997 wachumi wawili, William Easterly na Ross Levine, walitumia kipimo hicho kueleza kwa nini nchi nyingi za Afrika zilikua polepole kiuchumi. Kwa hesabu hiyo Tanzania ilistahili kuwa nchi ya ugomvi kuliko zote.

Lakini yuko mwingine, Edward Miguel, aliyechapisha mwaka 2004 utafiti wake juu ya wilaya mbili zilizo karibu na Ziwa Viktoria: Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania, wakati huo mkoani Shinyanga. Alitazama jambo linalotuhusu sisi walimu, yaani michango ya wananchi kwa shule zao za msingi. Katika Busia, mahali penye makabila mengi palichangia shule kidogo kuliko mahali penye kabila moja. Katika Meatu tofauti hiyo haikuonekana. Kati ya sababu alizozitaja ni Kiswahili na mafundisho ya shuleni yaliyojenga utaifa. Ramani ilionyesha mchanganyiko katika nchi zote mbili, bali haikuonyesha watu hao wanaishi vipi pamoja, na sehemu ya jibu ilikuwa imejengwa darasani na walimu kama ninyi.

Hatari nayo haikosi kutajwa. Nchini Rwanda utawala wa Wabelgiji uliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho miaka ya 1930. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilitazamwa vizuizini ili kuchagua wa kuuawa. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu zaidi ya 200,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Simaanishi kwamba chaki ya mwalimu huua. Nasema tu kwamba mtoto anayezoezwa kuamini kuwa kila mtu ana sanduku moja la kuwekewa, ni rahisi baadaye kumwamini mtu anayekuja na masanduku mabaya zaidi.

Je, tuache kabisa kuyataja makabila?

Wenzangu wengine, wakisikia haya, husema bora tunyamaze. Hutaja kwamba Tanzania haijauliza kabila katika sensa tangu ile ya 1967, nayo imepata amani. Naiheshimu hoja hiyo, lakini siikubali kwa upande wa darasa. Serikali yaweza kuamua isiulize; mwalimu hawezi kuwafanya watoto wasijue wanayoyasikia nyumbani. Tukinyamaza, elimu ya makabila itatolewa na mizaha ya sokoni na matusi ya mpirani. Isitoshe, liko jambo la thamani ndani yake. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2009 Atlasi ya Lugha za Tanzania, yenye lugha takriban 150. Mtoto wa Kisandawe anastahili kujua kwamba lugha ya bibi yake ni hazina inayotafutwa na wataalamu wa dunia. Tutakayoiacha ni mistari, na ile amri ya "gusa kwenu."

Tufanye nini darasani

Kwanza, anza na wanafunzi ulionao, kisha uende kwenye atlasi. Waulize wazazi na babu zao walizaliwa wapi, si wao ni kabila gani. Mwanafunzi asiyejua, au aliyefiwa na wazazi, asilazimishwe. Na amweleze jirani au mzee yeyote anayempenda. Chora mishale ya safari zao. Katika darasa moja la Mpwapwa mishale hiyo itafika Kilosa, Iringa, Tabora na kwingineko, na historia ya reli na misafara itakuwa imejieleza yenyewe.

Pili, tumia mbegu badala ya chaki. Chora ramani ya kijiji au ya wilaya mchangani nje ya darasa. Wape wanafunzi punje za mahindi, mtama na maharage, kila aina ikiwakilisha lugha moja inayosemwa majumbani mwao. Kila mwanafunzi na aweke mahali pa nyumba yao punje zote zinazohusika, hata kama ni tatu. Wakimaliza waambie wajaribu kuchora mstari utakaotenga mahindi na mtama. Watajaribu, watabishana, na wataona wenyewe kwamba haiwezekani. Zana hii haigharimu kitu.

Tatu, fuatilia neno moja. Mgogo husema mvula, Msukuma husema mbula, nasi kwa Kiswahili husema mvua. Wanafunzi na waulize nyumbani, walete neno hilo kwa lugha zote wanazoweza kupata, na kuliandika mahali lilikotoka. Wataona neno likibadilika kidogo kidogo kutoka mahali hadi mahali, na penye lugha zisizo za Kibantu wataona likibadilika kwa ghafula. Hapo patakuwa na maswali ya kweli ya kujadili.

Nne, kwa madarasa ya juu, leta ramani ya zamani ya makabila ikiwa unayo, na uwafundishe maswali manne: Nani alichora? Lini? Kwa kazi gani? Nani hayumo? Maswali haya yanafaa katika Historia ya Tanzania na Maadili, na yanafaa vile vile katika Jiografia, kwa kuwa hakuna ramani yoyote isiyoweza kuulizwa hivyo.

Katika andalio la somo usiandike lengo kama "mwanafunzi aweze kuonyesha makabila katika ramani." Andika: "mwanafunzi aweze kueleza kwa nini ni vigumu kuyaonyesha." Mkaguzi akikuuliza, mweleze sababu. Na ukipata mtoto anayesimama mbele ya ubao asijue aguse wapi, usimharakishe, wala usiliache darasa limcheke. Mpe punje zake tatu, mwombe awaeleze wenzake kila moja imetoka wapi, nawe uketi usikilize.